Kamata

Siku ya kwanza, viatu vikiwa bado na tope la Kamanyola,
Zaituni wa Kigoma aliketi kwenye kigoda cha jikoni kwetu, Kadutu,
na mama akamnyooshea kikombe:
"Kamata chai."

Akakitazama kikombe. Akatutazama sisi.
"Chai imeiba nini, mama?"

Tulicheka hadi jirani akagonga bati.
Kwao, akasema, anayekamatwa ni mwizi,
au kuku wa sikukuu aliyechosha watoto kumkimbiza;
chai hupokewa, kalamu hushikwa,
mtoto hupakatwa.

Kwetu neno moja limepewa mikono yote.
Kamata mtoto, nikoroge bukari.
Kamata franga, ulete sambaza na pilipili.
Kamata njia ya Nguba, halafu pinda.
Kamata pikipiki, mvua isikukamate.
Malaria inakamata, usingizi unakamata,
na rangi ya kitenge kipya, ukikifua bila chumvi,
haikamati.

Mimi hufundisha darasa la nne, pale juu ya mteremko.
Kesho yake niliandika ubaoni
kamata, kamatia, kamatisha, kamatana, kamatwa,
nikawaambia watunge sentensi.
Ashuza, yule anayekaa karibu na mlango, akaandika:
*Udongo ulikamata nyumba ya shangazi usiku.*
Nilisimama na kalamu nyekundu muda mrefu.
Sarufi haikuwa na kosa.
Nilimpa alama zote, nikaenda kufunga dirisha
ingawa hakukuwa na baridi.

Kisha Jumanne moja kijana akapita mbio chini ya ukuta wetu,
anapiga kelele: "Bamekamata Cirhuza! Kule Essence!"
Zaituni akaacha sambaza zikaungua.
Akateremka ngazi za Kadutu miguu mitupu, leso mkononi,
akimuuliza kila mwenye sare:
mume wangu yuko kasho gani, jamani, kasho gani?
Nilimfuata nikimwita. Hakusikia.
Tukamkuta kaka yangu kando ya mtaro,
kofia ya plastiki ya manjano kichwani,
sururu begani, anacheka:
kampuni ya barabara imemkamata kazi,
miezi sita, kwa mkataba.
Zaituni alimpiga kofi moja.
Kisha akamshika. Nasema akamshika;
nilikuwepo, najua kutofautisha.

Kwa miezi mingi hiyo ndiyo hadithi tuliyowapa wageni
pamoja na karanga.

Hatuisimulii tena sana.
Mwaka uliofuata sentensi ile ile ilikuja saa nane ya usiku,
kwa sauti ya chini, mlangoni,
na hakuna aliyeuliza maana.
Mama alivaa viatu kwanza, polepole,
akafunga kamba, akafungua, akafunga tena.
Siku ile neno lilikuwa la Kigoma.
Walimwachia siku ya kumi na moja.
Hakusema kitu. Aliomba maji ya kuoga,
na Zaituni akampelekea ndoo,
akakaa nje ya pazia hadi maji yakaisha kumwagika.

Sasa ana miaka minne hapa.
Anasema *njo vile* kama sisi,
anabishana bei sokoni hadi wauzaji wanamwogopa.
Jana dada yake alipiga simu kutoka Kigoma, mtandao unakatika,
na Zaituni, mtoto mgongoni, mwiko mkononi,
akapaza sauti kwa haraka:
"Kamata salamu za wote wa huku!"

Kimya.
Kisha sauti ndogo, kutoka mbali, ng'ambo ya ziwa jingine:
"Salamu? Zimefanya kosa gani?"

Zaituni akabaki mdomo wazi.
Mama alikuwa anachambua sombe, ametupa mgongo.
Hakugeuka.
"Mwambie," akasema, "zimeachiwa."