Tanzia ya Bi Vileja

Alfajiri, Maabela,
simu imetikisika juu ya friji.
Tanzia. Karatasi nyeupe, kona nyeusi,
Kiarabu kilichonyooka kama kanzu ya Ijumaa:
amefariki mama yao Mundhir na ndugu zake,
mke wa marehemu Saif bin Hilal.
Maziko baada ya alasiri, Amerati.
Wanaume msikitini, wanawake nyumbani.

Nikasema *Inna lillahi* kwa mazoea,
nikaisukuma mbele kama ilivyokuja:
Dubai, Doha, kwa Bibi Thuwaiba wa Sur.
Dole gumba lilipokwisha kutuma
ndipo macho yakarudi kwenye ramani ya nyumba.
Nyuma ya pampu ya petroli, mkabala na dobi.

Ile si nyumba ya Bi Vileja?

Aliyetuletea sinia kila Idi,
aliyebaki na lafudhi ya Wete
miaka arubaini baada ya kuiacha Wete,
aliyemgombeza dobi wa Kihindi kwa Kiswahili
mpaka dobi akajifunza kumjibu.

Kumbe nimemwombea mgeni,
na jirani nimempitisha kwa mguso mmoja.

Nikakaa kitako. Nikaandika chini yake
bila kuomba ruhusa kwa mtu:
*Huyu ni Zuwena. Zuwena binti Khalfan.
Bi Vileja wetu.*

Dakika haikwisha.
Doha inalia. Sur inapiga.
Dubai inauliza: Yupi? Yule? Yule wetu?

Nilipofika msibani, dobi ameshafunga duka,
amesimama ukutani, kavaa shati lililopigwa pasi.
Yeye hakutumiwa tanzia na mtu.