Kifungu Kidogo cha Pili

Darasa letu zamani lilikuwa ghala.
Mvua ikinyesha kuta zilikumbuka korosho,
zikatoa harufu ile ya ganda lililoungua,
na Dakta Tekla Nambunga akasimama, pua juu:
"Haya. Ushahidi wa mazingira. Ghala linakiri."
Hakucheka. Tulicheka sisi,
wa nyuma wakichelewa, kama kawaida yao.

Sheria ya ukomo aliifundisha saa moja asubuhi.
Aliyefika saa moja na dakika moja
alikuta mlango umefungwa, karatasi imebandikwa:
Haki yako ipo. Muda wako haupo.

Miaka minne aliandika makala moja.
Tuliiona ikizeeka mezani kwake, Shangani,
chini ya sahani ya ming'oko na chumvi ya pilipili:
habari za mzani wa chama cha msingi,
na kilo zinazoyeyuka
kati ya bega la mkulima na stakabadhi.
Jarida la mbali liliirudisha mara mbili.
Mhakiki asiye na jina aliuliza
hizo kilo zina nadharia gani.
Akamjibu kwa kurasa thelathini.
Ilipochapwa, nakala mbili zilitumwa Mtwara.
Moja ilipotelea posta.

Jumamosi alikwenda Nanguruwe na vijana wa mwaka wa tatu,
madawati mawili kwenye baraza ya ofisi ya kata:
mirathi, mipaka, talaka, mbuzi wa jirani.
Hakutoza. Walimlipa mbaazi,
naye akatufundisha kuandika risiti ya mbaazi.
"Kisichoandikwa," alisema,
"kesho kina wajomba wengi."

Mimi nikawa hakimu.
Siku moja akaingia kwenye chumba changu cha mahakama,
joho limepauka mabegani,
nyuma yake Bi Somoe Chinduli na kiroba cha karatasi:
makato ya magunia kumi na manne, misimu mitatu.
Ningejitoa. Lakini Mtwara ni ndogo,
faili lingekwenda kwa nani
ambaye hakufungiwa mlango ule?

Nilihesabu siku kwa vidole, kisha kwa kalenda.
Kumi na moja zimezidi.
Sauti iliyonitoka ilikuwa na lafudhi yake:
"Haki ya mdai huenda ipo. Muda wake haupo."
Aliinamisha kichwa. Akasema, "Mheshimiwa,"
neno zima, bila chumvi.
Mlangoni Bi Somoe alimuuliza jambo kwa Kimakonde.
Jibu sikulisikia.
Nilisikia kiroba kikiburuzwa sakafuni.

Wiki tatu baadaye, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo
aliniletea bahasha.
Ndani, uamuzi wangu, wino wa kijani pembeni:

Mpangilio, mzuri.
Ukurasa wa nne, mdai umemwandika mdaiwa, mara mbili.
Hesabu ya siku, sahihi.
Kifungu kidogo cha pili hukukisoma. Ugonjwa husimamisha saa.
Cheti cha hospitali ya Ligula kilikuwa kiambatisho cha tisa.
Nami sikukitaja kwa sauti; nilidhani utakifikia.
Hilo ni kosa langu, nimejikata alama.
Rufaa nimeshaikata.
Alhamisi tunakusoma darasani.

Hakuandika karibu.
Hakuandika saa.

Alhamisi nilifika saa moja kasoro robo,
nikakaa nyuma, na wale wa kuchelewa kucheka.
Usiku ilikuwa imenyesha; ghala lilikuwa linanuka lote.
Kwenye dawati la mbele kabisa
palikuwa na mtu mmoja asiye na daftari,
kiroba kimepakatwa mapajani kama mtoto mwenye homa.
Bi Somoe aligeuka, akanitazama kwa muda
ambao hakuna sheria iliyoupimia ukomo.

Dakta akatazama saa yake.
Akafunga mlango.