Chupa ya Achari

Fomu ina kurasa kumi na saba.
Mimi nina kalamu mbili, buti za kuazima,
na meneja, Bwana Hritcu, anayetangulia hatua moja mbele yangu
kama mwenye nyumba asiyetaka uone jikoni.

"Bwawa hili," asema, "lina miaka thelathini na minane
na halijapata kuniamsha usiku."
Naandika umri.
Usingizi wake hauna pa kuandikwa.

Juu, tope la kijivu limetulia kama uji uliopoa,
limefanya utando. Ndani yake mna sianidi.
Dhahabu iliondoka Valea Lespezii kwa malori;
sianidi imebaki, mgeni aliyenyimwa nauli.

Chini, nyumba arobaini na moja, mto mwembamba,
mabata, kanisa la mbao,
na mtu fulani anakaanga vitunguu:
harufu inapanda mpaka ukutani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, mtoto wa darasa la tatu aiweza.
Uwezekano, moja hadi tano.
Madhara, moja hadi tano.
Zidisha.
Ikipungua kumi, kunja karatasi, rudi mjini.

Bwana Hritcu anaijua kuliko mimi.
"Madhara, weka tano, sibishi. Lakini uwezekano ni moja."
Moja mara tano, tano.
Kijiji kimekwisha kuokolewa, na hata viatu sijachafua.

Na mvua?
"Mvua kubwa huja mara moja katika miaka mia."
Hiyo mia ilianza lini, hajui.

Tunashuka kwenye unyayo wa ukuta.
Ni Agosti, majani yote yamekauka rangi ya kamba,
ila hapa, upana wa mkeka wa watu wawili,
nyasi zimenona, mbichi, zinang'aa.
"Umande," asema Bwana Hritcu.
Saa nane mchana.

Ndipo simu yake inalia, anapanda juu kutafuta mtandao,
na Toader, mlinzi,
ambaye tangu asubuhi hajasema ila "Angalia ngazi,"
ananishika mkono hadi kwenye kibanda chake.

Nyuma ya mlango: mikwaruzo ya msumari, safu kwa safu.
Kila alfajiri huitega chupa ya achari pale penye unyevu,
hutazama saa, ijae,
kisha hukwaruza.
Machi ya mwaka juzi, dakika hamsini.
Mwaka jana, thelathini na tano.
Leo, kumi na tisa.

Haba na haba,
na kibaba chenyewe ni kijiji.

Lakini Toader hakusema hivyo. Alisema:
"Mke wangu ananidai chupa yake."
Ulimwambia meneja?
"Nilimwambia. Akaninunulia buti."

Natazama fomu. Pana pa vali, pana pa pampu, pa vyeti,
pana pa king'ora
(king'ora kipo; betri yake iko kwenye redio ya mtu).
Hapana pa mlango.

Nikaomba bisibisi.

Bawaba zilikuwa na kutu, ya chini ilikataa,
Toader akaivunja kwa kisigino cha buti lake jipya.
Bwana Hritcu aliposhuka alitukuta tumeubeba,
huku na huku, kama watu wanaohamisha kitanda cha mgonjwa.
"Huo ni mali ya kampuni!"
Nitautilia sahihi, nikamwambia.

Uwezekano: nne. Kalamu ya kwanza iligoma, nikatumia ya pili.
Kiambatisho: mlango mmoja, wa mbao, rangi ya buluu, umetumika.

Nimepita kijijini nao juu ya gari, umefungwa kwa waya.
Mwanamke mwenye sufuria alitoka dirishani, akanitazama,
akamtazama mwenzake, wakacheka.
Sikusimama. Ningewaambia nini, ishirini?

Kwenye kona ya mwisho niligeuka.
Kibanda kiko wazi, upepo unaingia na kutoka,
na Toader amesimama ndani,
msumari mkononi,
anatafuta pa kukwaruza.