Siku Moja

Baba alivua sare tarehe thelathini Juni.
Nyongeza ilianza Julai mosi.
Nirakar, mdogo wake kwa siku moja,
alistaafu mwezi mmoja baadaye, ngazi moja juu.
Huketi benchi moja pale Sambalpur. Nirakar hulipa chai;
ndiyo malimbikizo pekee baba aliyowahi kupata.

Kila Novemba huenda hazina kuapa kwamba yu hai.
Mashine haimtambui.
Miaka thelathini na mmoja alikandamiza
madole ya wezi kwenye wino, moja moja,
na lake limesagika, laini kama kipande cha sabuni.
"Jaribu kingine, mzee."
Anajaribu cha shahada.
Nacho hakishuhudii.

Kesi imeahirishwa mara ya saba.
Asiyekuwepo na lake halipo, asema wakili wa serikali.
Sawa. Lakini mimi nimelitunza daftari la zamu,
mchwa wamelila pembeni:
Juni thelathini, saa sita kasoro dakika tano usiku,
lango la hazina limefungwa, kufuli mbili, hali shwari.
Chini, sahihi yake.
Mkia wa herufi ya mwisho
umevuka mstari,
ukaingia Julai.