Ngozi ya Kenge

Nderingo ameleta Landkruza yake saa mbili asubuhi,
imechanwa na migunga toka taa ya mbele hadi ya nyuma,
akasema: Aminieli, safari hii sitaki rangi.
Nipakie ile ya karai la pikapu,
ile nyeusi, ya mpira, yenye chunusi.

Nikacheka. Nikadhani madeni yamempanda kichwani.

Miaka kumi na tisa hapa Unga Limited
nimekula kwa kung'arisha.
Baba alinifundisha kwa makofi:
rangi haijaiva mpaka uone mlangoni
meno yako, na pengo lako.
Msasa wa themanini, wa mia mbili na ishirini, wa mia nne,
kisha ule wa maji, elfu moja,
mpaka kidole kiteleze kama ulimi juu ya jino.
Wateja walikuja na vitana,
wakachania nywele kwenye boneti zangu.

Sasa huyu anataka ukurutu.

"Sikia," akasema, ameegemea bampa,
"kila mwezi wa tano nakulipa unipake kijani,
kila mwezi wa kumi nairudisha ina alama za kucha
kama mume aliyefukuzwa usiku.
Mgunga hausomi risiti yako.
Mimi nalipwa kuwaonyesha watu chui,
silipwi kulilia mikwaruzo."

Nikakosa la kumjibu. Nikawasha kompresa
ipige kelele kwa niaba yangu.

Dude lile halitaki bati laini.
Ulichubue, liwe na makovu ya kushikia,
kama ukuta unavyodonolewa kabla ya lipu.
Basi nikachubua kijani changu cha mwaka jana,
chini yake kijani changu cha mwaka juzi,
halafu rangi ya maziwa, ya mwenye gari wa kwanza,
halafu, kwenye kona ya mlango wa dereva,
pana kama sarafu ya mia mbili,
buluu.

Ya baba. Naijua.
Alikuwa akiitia tone moja la nyeusi
na hakumwambia mtu sababu.

Nikazima mashine.
Nderingo akauliza, umeme umekatika?
Nikamwambia ndiyo,
na redio ya fundi rejeta, ukuta wa pili,
ikaendelea kusoma matangazo ya vifo.

Ningeweza kuibandika tepe, ibaki wazi,
doa la buluu kwenye gari jeusi,
na kila mtu aulize.
Ningeweza kuisugua, kama nilivyosugua nyingine zote
bila kujua za nani.
Nikakoroga hadna. Nikafunga kitambaa puani.
Bunduki ikatema, si ukungu niliouzoea,
bali matone mazito, uji wa ulezi unaorukaruka sufuriani,
na kona ile nikaipita mara tatu,
zaidi ya palipohitajika.
Hapo hakuna msasa utakaofika tena,
wangu wala wa mwanangu.

Jioni gari likasimama uani kama kenge aliyeshiba.
Mlima Meru, uliozoea saa hizi kuingia kwenye milango yangu,
ukabaki hukohuko uliko.
Nilijisogeza karibu. Nikarudi nyuma. Sikuwamo.

Nderingo akatoa ufunguo, akaukokota ubavuni kwa nguvu,
mimi nikafumba macho, mazoea.
Hakuna mstari.
Akakokota tena, anacheka peke yake kama mtoto,
akalipa taslimu, hakuomba hata kupunguziwa,
akaondoka na vumbi ambalo kwa mara ya kwanza
halikunikera.

Lomayani, kijana wangu wa kazi, alikuwa anaosha bunduki kwa thina.
Akatazama kibao cha getini: RANGI YA KIOO, UJIONE.
Bosi, akasema, na hii mpya tuiandike?

Nikaangalia viganja vyangu, vyeusi, vinanata.
Iandike, nikamwambia.
Chini kabisa. Kwa herufi ndogo.