Kitufe cha Kupunguzia

Daktari alituuliza, kalamu juu ya karatasi:
kipi kilianza?
Baba akajibu kabla swali halijatua: gemu.
Shangazi Rukaya akasema kijicho.
Mama alikuwa akikunja pindo la buibui,
akilikunjua, akilikunja.

Mimi nilinyamaza.
Mimi ndiye niliyelala chumba cha pili, ukuta mmoja,
nyumba ya Al Khoudh, mwezi wa saba,
joto nyuzi arobaini na sita,
barabara tupu kama sahani iliyorambwa.
Mtoto wa watu angekwenda wapi?
Alifunga pazia, akafungua vita.

Mundhir, kitindamimba wetu, miaka kumi na tisa.
Chai ya karaki ikifanya utando mlangoni pake.
Saa tisa za usiku nikimsikia akiwaamrisha wenziwe,
kwa Kiarabu, kwa Kiingereza,
na akipandwa na hasira, kwa Kiswahili cha bibi:
"Nyuma yako, we bwege! Nyuma yako!"
Nilikuwa nikicheka ndani ya mto.

Sijui ni usiku gani niliacha kucheka.
Labda ule aliposema "nyuma yako"
na skrini ilikuwa imezimwa.

Kisha akabandika plasta kwenye kamera ya simu ya Mama.
Kisha akasema yule wa Kuwait, wa kikosi chake,
ameingia kwenye tangi la maji juu ya paa
na anahesabu hatua zetu.
Kisha akagoma kula wali
ambao hakuuona ukipakuliwa.

Baba akakata intaneti.
Alishuka ngazi na ruta mkononi kama aliyeua nyoka.
Siku tatu za kimya, tukashukuru.
Siku ya nne Mundhir akaja kwangu, miguu mitupu,
akaniambia kwa adabu, kama anayeazima kitabu:
"Dada, sauti za gemu zilikuwa na kitufe cha kupunguzia.
Hizi hazina.
Zile nilikuwa nikizipandisha
ili nisizisikie hizi."

Ningemwambia daktari hilo.
Ningemwambia pia kwamba alipokuwa na miaka kumi,
kule Ibra, amekaa ukingoni mwa falaji,
gemu hatujalijua hata jina,
aligeuka akaitika, "Naam!"
na hapakuwa na aliyemwita.
Lakini ni kweli vilevile
kwamba alikaa siku nne bila kufumba jicho,
na hata mimi, wakati wa mitihani, kwa mbili tu,
niliuona ukuta ukipumua.
Ukili umeshasukwa;
wanataka niwaoneshe mwaa wa kwanza.

Daktari, mwanamke wa Sohar mwenye sauti ya taratibu,
aliandika, akafuta, akaandika.
Hakutupa jina la mkosaji.
Baba alitoka akiwa amekasirika,
kama aliyelipia kitu asipewe risiti.

Sasa ni vidonge viwili, asubuhi na usiku.
Mikono inamtetemeka. Kanzu ya Idi haifungiki shingoni.
Gemu ni saa moja, baada ya alasiri, mlango wazi,
nami nimeshika rimoti ya pili.
Sijui kucheza.
Nauawa kila dakika, naye ananicheka,
kicheko kilekile, kimechakaa kidogo pembeni.

Tuna mkataba: akisikia, anauliza.
"Hiyo?"
Bunduki. Ya gemu.
"Hiyo?"
Adhana, msikiti wa pili, ule unaochelewa.
"Na hiyo?"
Nanyamaza, nasikiliza kwelikweli.
Sitaki kumdanganya, hata kwa huruma.
"Hiyo sikuisikia, Mundhir."
Anaipokea kama mtu anayehesabu chenji,
anasogea, bega lake linagusa langu.
"Na hiyo? Hiyo inayokoroma?"
Kiyoyozi.
"Kimezeeka," anasema.
Kimezeeka, ndiyo. Kesho tumwite fundi.