Kifaurongo na Bungua

Nimewaweka wawili katika kiberiti,
chumba kimoja, ukuta wa karatasi.
Wa kwanza nilimwokota njia ya Rondo,
chini ya mninga, baada ya mvua ya usiku.
Nilipomgusa kwa unyasi alikunja miguu yote sita,
akalala chali, mweusi, marehemu kamili.
Nilihesabu hadi mia na arobaini
ndipo kipapasio kimoja kikauliza: ameondoka?

Wa pili sikumwokota. Alijileta.
Katoka kwenye tendegu la kitanda chetu,
mvule wa fundi Chilumba, wa kurithisha wajukuu.
Mdogo kama punje ya mtama, hana urembo,
na nyuma yake tundu la mviringo, safi,
kama la sindano.
Miaka tisa nafagia unga asubuhi
nikidhani ni vumbi la barabara ya Nyangao.

Huyu akiguswa hafi. Anaendelea na kazi.

Jana mdai wa salfa alibisha hodi.
Mume wangu Nambile akajinyoosha mkekani,
macho kafumba, pumzi haisikiki.
"Mgonjwa," nikasema, "usiku kucha hakulala."
Pikipiki ilipomaliza kilima ndipo akaomba chai.

Nikacheka. Kisha nikakumbuka
noti ninazochomoa, moja moja,
kwenye mshono wa mto wake,
msimu baada ya msimu,
na kitambaa hakionyeshi kitu.

Usiku nimekisogeza kiberiti sikioni.
Mmoja kimya.
Mwingine anatafuna ukuta.